Jioni ya Kifahari, Braseri au Mlo wa Mchana? Kuchagua Meza ya Kifaransa Kampala

Mtu akitaka kula Kifaransa hapa Kampala, swali la kwanza analoniuliza huwa "mgahawa gani mzuri?" Mimi humuuliza mambo mawili kabla ya kutaja jina lolote: unakwenda na nani, na mna muda kiasi gani? Chini ya jina hilo moja la "mgahawa wa Kifaransa" kuna milo mitatu isiyofanana. Wengi wanaorudi nyumbani wamenuna walipewa chakula kizuri tu, ila mlo wenyewe haukuwafaa.

Mlo wa kwanza ni jioni ya kifahari. Kitambaa cheupe mezani, glasi tatu mbele ya kila mtu, chakula kinaletwa awamu baada ya awamu, na mpishi ana jambo anataka mlione. Meza za namna hii utazipata zaidi kwenye hoteli kubwa za Nakasero na Kololo, kama Kampala Serena, pale palipokuwa Nile Hotel zamani. Mara nyingi jiko la huko si la Kifaransa peke yake, lakini mbinu, sosi na mpangilio wa mlo ni wa Kifaransa.

Wa pili ni braseri. Meza zimekaribiana, menyu haibadilikibadiliki, na unaweza kuagiza supu na sahani moja ukala ukaondoka bila mtu kukushangaa. Jina ambalo wakazi wa Kampala wamelizoea kwa miaka mingi ni Le Château, Quality Hill, barabara ya Ggaba. Jiko lao ni la Kibelgiji, lakini Ubelgiji na Ufaransa ni majirani hata jikoni: steki na chipsi, kome, sosi za siagi.

Wa tatu ni mlo wa mchana wa bei moja. Jiko lile lile linalopika jioni linapanga vyakula vichache siku hiyo, unachagua kianzio na sahani kuu, au sahani kuu na kitindamlo, na bei imeshawekwa. Si kila mgahawa unao, na mahali pengine haujaandikwa kwenye menyu, kwa hiyo uliza.

Brunchi ya Jumapili hotelini siiingizi kwenye ulinganisho huu. Ile ni bufee, na chakula cha Kifaransa hakivumilii bufee: sosi ya siagi hukatika, samaki hukauka. Ukiwa na watoto wanaotaka bwawa la kuogelea, nenda, mtafurahi. Ila usiifanye kipimo cha upishi huu.

Muda kwanza

Mwaka 2010 UNESCO iliingiza mlo wa Wafaransa katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Hakuna sahani fulani iliyoorodheshwa. Kilichotambuliwa ni utaratibu wa watu kukaa pamoja mezani siku ya jambo lao: kinywaji cha kufungulia, kianzio, samaki au nyama pamoja na mboga, jibini, kitindamlo, kisha kinywaji cha kufungia. Ukiusoma utaratibu huo polepole utaelewa kwa nini jioni ya kifahari inakula saa mbili na nusu hadi tatu, na kwa nini kuiharakisha ni kutupa pesa.

Hapa ndipo Kampala inapoingilia. Ukiwa unatoka Ntinda au Kyengera saa kumi na mbili jioni siku ya Ijumaa, foleni itakufikisha mezani umechoka, na mwenzako ameshakula mkate wote. Ukiwa na mgeni anayewahi ndege Entebbe usiku huo huo, jioni ya kifahari ifute kabisa. Mpeleke braseri, ambako saa moja na nusu inatosha, au mle mchana.

Kuna jambo jingine linalowaudhi wengi bila sababu. Kwa desturi ya Kifaransa mhudumu hakuletei bili mpaka uiombe. Kuiweka mezani mapema ni kama kukufukuza. Mtu aliyezoea migahawa yetu, ambako bili inafika na sahani ya mwisho, hukaa akidhani amesahauliwa. Mwite mhudumu, muombe.

Kwa upande wa muda, basi, mchana unashinda kwa mwenye kazi, braseri kwa mwenye familia, na jioni inabaki ya wale wasio na pa kukimbilia. Wanandoa wanaoadhimisha miaka yao, kijana anayetaka kumvisha mtu pete, wazazi waliomaliza kusomesha mtoto wa mwisho Makerere: hao wanastahili saa tatu.

Kilichomo sahanini

Uganda haina bahari. Ukishalikumbuka hilo, nusu ya menyu inajipanga yenyewe. Chaza, kome, kamba wakubwa na samoni wote wamesafiri, wengi wakiwa wamegandishwa, na kwenye bili unalipia ndege pamoja na chakula. Jioni ya kifahari ndiyo inayopenda kuvitaja vitu hivi kwa sababu vinasikika vya gharama. Mimi hushauri tofauti: kwenye meza yoyote ya Kifaransa Kampala, agiza kile ambacho nchi hii inacho na mpishi wa Kifaransa anajua kukifanyia kazi.

Anza na sangara. Ndiye mputa wa sokoni, samaki aliyeingizwa Ziwa Viktoria miaka ya 1950 na 1960, na mnofu wake mweupe na mnene unapokea upishi wa meunière vizuri sana. Mnofu hukaushwa, hupakwa unga kidogo sana, huingia kwenye siagi ya moto. Samaki akishatolewa, siagi huachwa iendelee mpaka iwe rangi ya kahawia na itoe harufu ya karanga zilizokaangwa, kisha limau na majani ya pasili hutupiwa ndani dakika ya mwisho na yote humwagwa juu ya samaki ikiwa bado inatoa povu. Sekunde chache za ziada, siagi inaungua na inakuwa chungu. Ndiyo maana huwa naiagiza mahali nisipopajua: hakuna sosi nzito ya kuficha kosa. Ikija siagi ya njano isiyo na harufu, jiko lina haraka. Ikija nyeusi, jiko halina mtu wa kusimamia. Braseri nzuri inaipika sawasawa na hoteli kubwa, na kwa bei ndogo.

Nyama ni habari ndefu zaidi. Ng'ombe wetu wengi, wakiwemo wale wa Ankole wenye pembe ndefu, wamelelewa kwa majani. Nyama yao ina ladha kali ya nyama kweli, lakini haina mafuta mengi ndani ya nyuzi. Steki ya namna hiyo ikiiva kabisa inakuwa ngumu, na wengi wetu tunapenda nyama iliyoiva kabisa. Mpishi akisikia unataka iive mpaka ndani, anakata tamaa kimoyomoyo, nawe unapewa kitu kigumu cha bei kubwa. Suluhisho liko ndani ya menyu ile ile. Wafaransa wana ukoo mzima wa vyakula vya nyama iliyopikwa kwa saa nyingi katika mchuzi: bœuf bourguignon, daube, navarin ya mwanakondoo, pot-au-feu. Hapo nyama imeiva mpaka inakatika kwa kijiko, na ule ugumu wa ng'ombe wa malishoni unageuka kuwa utamu. Braseri ndiyo nyumba ya vyakula hivi. Jioni ya kifahari inapendelea steki ndogo yenye sosi iliyokolezwa, na inataka uile ikiwa bado ya waridi katikati. Kama hilo hulitaki, tayari umepata jibu la wapi pa kwenda.

Ukiagiza steki hata hivyo, uliza nyama imelazwa siku ngapi baada ya kuchinjwa. Mgahawa unaojali una jibu. Na maneno ya kuagizia utayakuta hata kwenye menyu za hapa: saignant ni nyekundu ndani, à point ni ya waridi, bien cuit imeiva.

Nani hapa hajala luwombo? Kuku au nyama imefungwa ndani ya jani la ndizi, imeiva kwa mvuke wake yenyewe, na harufu inatoka mara moja jani linapofunguliwa mezani. Mfaransa hufanya hivyo hivyo kwa karatasi na kuita en papillote, mara nyingi kwa samaki na mboga zilizokatwa nyembamba. Kwa mzee au mgeni asiyeamini chakula cha kigeni, hiyo ndiyo sahani ya kumwanzishia: anaielewa kabla hajaonja. Utaiona zaidi kwenye mlo wa mchana, kwa sababu ni nyepesi na jiko linaweza kuandaa vifurushi mapema.

Bata wa confit ni wa pekee kati ya vyakula vya kusafirishwa. Paja hutiwa chumvi, kisha hupikwa polepole ndani ya mafuta yake mwenyewe na kuhifadhiwa humo. Watu wa kusini-magharibi mwa Ufaransa walikuwa wakihifadhi nyama hivi tangu kabla ya kuwepo friji. Kwa hiyo hata bata huyo akiwa ametoka mbali, safari haimdhuru kama inavyomdhuru chaza. Ngozi ije imekaushwa vizuri, nyama ikiachia mfupa bila kuvutwa.

Supu ya vitunguu inapima braseri kama meunière inavyopima jiko la samaki. Vitunguu vinahitaji moto mdogo na karibu saa nzima mpaka vigeuke kahawia na kuwa vitamu vyenyewe. Ikiwa utamu wake ni wa sukari, ulimi wako utakwambia. Juu yake kuna mkate na jibini lililochomwa. Kwa kawaida ni Gruyère au Comté, na hapa mgahawa unaweza kutumia jibini la nchini. Sioni ubaya, mradi liwe limechomwa vizuri.

Kwenye kitindamlo, nchi hii ina cha kujivunia. Uganda huuza vanila nje, ya Mukono, Bundibugyo, Kasese na kwingineko, na crème brûlée ni krimu, viini vya mayai, sukari na vanila, basi. Tafuta vitone vyeusi vya vanila chini ya ile sukari iliyochomwa. Kama havipo na kuna harufu ya vanila ya chupa, mgahawa ulioko katikati ya nchi ya vanila umejinyima bure. Sukari ya juu ivunjike kwa kijiko kama kioo chembamba, na krimu ya chini iwe baridi. Kahawa ya Bugisu ifuate, na isiwe ya kopo.

Sosi, mvinyo na suala la halali

Hili linatuhusu wengi tunaozungumza Kiswahili mjini hapa, na wahudumu mara nyingi hawalijibu mpaka waulizwe vizuri. Mwislamu anayeuliza "nyama ni halali?" atajibiwa ndiyo, naye atapumua. Lakini upishi wa Kifaransa unaweka mvinyo ndani ya sosi na vipande vya nguruwe ndani ya vyakula visivyo na jina la nguruwe. Bœuf bourguignon na coq au vin (kuku wa mvinyo) vimelazwa kwenye mvinyo na mara nyingi vina vipande hivyo. Quiche Lorraine, pai ya mayai na krimu, inavyo. Pâté nyingi, yaani nyama ya kusaga ya kulia na mkate, zina nguruwe. Beurre blanc, ile sosi nyeupe ya siagi, ina mvinyo mweupe. Steki ya pilipili manga mara nyingi humwagiwa konyaki na kuwashwa moto. Supu ya vitunguu yenyewe inaweza kuwa na mvinyo. Kome wa marinière wamepikwa kwenye mvinyo mweupe. Baadhi ya vitindamlo vya krimu vinashikizwa kwa jelatini, ambayo asili yake inaweza kuwa nguruwe.

Uliza hivi: "Ndani ya sosi kuna mvinyo au konyaki? Kuna nguruwe popote kwenye sahani hii, hata kwenye mchuzi wa msingi? Mnaweza kunipikia kwenye kikaango kingine?" Maswali matatu mafupi, yanatosha. Vilivyo salama zaidi, ukishathibitisha, ni samaki wa meunière, ratatouille (mboga zilizopikwa pamoja), gratin ya viazi (viazi vya kuokwa na krimu), kimanda, saladi ya niçoise (mboga, mayai na samaki), na crème brûlée.

Na hapa jioni ya kifahari inashinda zile nyingine mbili kwa mbali. Jiko lake limegawanywa: mmoja kwa sosi, mmoja kwa samaki, mmoja kwa nyama, mmoja kwa vitamu. Mpangilio huo ulipewa sura yake na Auguste Escoffier (1846–1935), na ndio unaofanya sosi yako itengenezwe upya bila mvinyo ukitoa taarifa siku moja kabla. Braseri hupika mchuzi wa bourguignon kwenye sufuria moja kubwa asubuhi. Hawawezi kuutoa mvinyo jioni. Mlo wa mchana nao umepangwa tayari. Kwa hiyo ukialika wakwe Waislamu, lipa zaidi, piga simu mapema, nenda kwenye meza ya kifahari. Heshima ya wageni inataka hivyo.

Kwa wanaokunywa: chupa ya mvinyo wa Ufaransa hapa inaweza kukugharimu zaidi ya chakula cha watu wawili, na mvinyo wa Afrika Kusini kwa glasi unafanya kazi nzuri kwenye sangara na kwenye nyama ya mchuzi. Wasiokunywa wasikubali kuletewa juisi ya pasheni na samaki. Utamu wake unaua limau na siagi yote. Maji yenye limau, basi.

Bili

Makadirio ya kukusaidia kupanga, bila mvinyo: kwa braseri tenga kati ya shilingi 100,000 na 150,000 kwa mtu, kwa jioni ya kifahari kati ya 200,000 na 350,000, na kwa mchana wa bei moja karibu na braseri au chini kidogo. Bei hupanda, kwa hiyo angalia menyu ya sasa kabla ya kualika mtu.

Soma maandishi madogo chini ya menyu. VAT ya Uganda ni asilimia 18, na kuna menyu ambazo kodi hiyo bado haijaingizwa kwenye bei zake. Meza yenye chakula cha 400,000 inaongezewa 72,000, inakuwa 472,000. Kama kuna ada ya huduma ya asilimia tano, weka 20,000 nyingine. Ufaransa kwenyewe huduma huwa imeshaingizwa ndani ya bei. Hapa si lazima, na ada hiyo isipokuwepo, bakshishi ya asilimia kumi kwa huduma nzuri ni ya haki. Maji ya chupa nayo yana bei. Mhudumu akikufungulia chupa ya maji bila kuuliza, itakuwa kwenye bili.

Usilipie jina. Nyota za Michelin zinatajwa tajwa mno na watu wa matangazo, lakini kitabu cha mwongozo wa migahawa kinachozitoa, kilichoanzishwa Ufaransa mwaka 1900 kwa ajili ya wenye magari, hakikagui migahawa ya Uganda. Mgahawa wa Kampala unaodai nyota hizo unadanganya.

Ningekupeleka wapi

Kama hujawahi kula Kifaransa, twende braseri. Supu ya vitunguu mgawane, sangara au nyama ya mchuzi, crème brûlée moja yenye vijiko viwili. Hutavaa suti, watoto wataruhusiwa kucheka, na kama hukukipenda hujapoteza mshahara.

Kama unakipenda tayari na unataka kujua jiko kubwa linaweza nini, nenda mchana kwanza. Naamini hii ndiyo thamani bora ya pesa mjini hapa, na watu wanaipita kwa sababu wanadhani ufahari ni wa usiku. Ukipenda, rudi jioni na mtu wako.

Jioni ya kifahari ni ya siku yenye jambo, ya wageni wenye masharti ya chakula, na ya watu wawili ambao bado wana mengi ya kuambiana. Usiende na kundi kubwa. Zaidi ya watu sita, awamu zinachelewa na wa mwisho anakula chakula kilichopoa. Gomesi na kanzu zinakaa vizuri kabisa kwenye vyumba hivyo. Usiombe radhi kwa kuvaa vya kwetu. Ndugu zetu wa Goma na Bunia, ambao Kifaransa wanakizungumza tangu shule, ni wenzi wazuri wa kwenda nao, maana watakusomea menyu na watamwambia mhudumu kinachopaswa kurudishwa jikoni.

Popote utakapochagua, piga simu siku mbili kabla, hata kama mgahawa hauna desturi ya kuweka meza. Uliza samaki wa siku hiyo ni nani na ameingia lini, nyama gani inapikwa kwenye mchuzi, kama wanapokea MoMo (pesa za simu) au kadi, na maegesho yako wapi. Anayepokea akikuwekea simu pembeni aende kumuuliza mpishi, weka meza hapo hapo. Akikujibu kila kitu kipo, uliza tena kuhusu samaki.